Seq. 14: muziki wa picha za Kiitaliano, waokoaji wake na wafichaji wake

Chukua sidii yoyote ya siku hizi yenye muziki "ambao haujawahi kutolewa" wa filamu ya Kiitaliano ya miaka ya sitini au sabini, geuza kasha, usome nyuma. Kipande cha kwanza kina jina: "Titoli", yaani muziki wa majina ya mwanzo wa filamu. Baada ya hapo majina yanakwisha. "Seq. 2", "Seq. 3", "Seq. 4", yaani namba za sehemu za filamu tu, hivyo hivyo mpaka "Seq. 26", halafu "Finale", mwisho. Hakuna aliyehangaika kuvipa majina kwa sababu hakuna aliyetarajia mtu avisikilize akiwa sebuleni kwake. Vilirekodiwa, vikapangwa kwenye picha, kanda ikarudi kwenye boksi, boksi likaenda stoo. Miaka hamsini baadaye kuna mtu analipa euro 20 na zaidi, posta bado, ili asikie "Seq. 14", ambayo ni sekunde arobaini za gitaa la besi na mtu anayepumua karibu na maikrofoni.

Mimi ni mmoja wa hao. Sijivunii wala sioni aibu, lakini nimeanza kujiuliza tunachofanya ni nini hasa. Wapo wanaotuita waokoaji, kwamba bila wakusanyaji muziki huu ungeoza. Wapo wanaotuona kama watu waliochukua burudani ya mtu wa kawaida, ya tiketi ya bei ya chini, wakaigeuza kito cha kufungia kabatini. Nikiwa na sahani mkononi nakubaliana na wa kwanza. Nikiangalia bei nakubaliana na wa pili.

Kwanza lazima ieleweke kwa nini muziki huu ulipotea, maana wengi hudhani kuna siri kubwa. Ilikuwa hesabu tu. Katika miaka yake ya neema Italia ilikuwa ikitoa filamu zaidi ya 200 kwa mwaka, na kila moja ilihitaji muziki. Mara nyingi aliyegharamia studio na okestra hakuwa mtayarishaji wa filamu, bali kampuni ya uchapishaji wa muziki: CAM, General Music, RCA Italiana, Beat, Cinevox. Kampuni ililipia kurekodi, ikabaki na haki. Fedha yake ilirudi kila picha ilipooneshwa, kupitia SIAE, chama kinachokusanya haki za watunzi. Santuri haikuwa biashara yenyewe. Kwa filamu nyingi hawakuichapa kabisa. Kwa nyingine walichapa mia chache za kupeleka redioni na kwenye televisheni, zisizouzwa dukani. Ndizo hizo hizo ambazo leo nakala moja yaweza kupita euro 1,000 mnadani. Kilichokuwa bure kwa mtangazaji wa redio wa Roma ndicho sasa watu wanakopea.

Na wapigaji walikuwa wale wale. Pale Piazza Euclide, Roma, kuna kanisa kubwa, na chini ya kanisa hilo kuna studio iliyoanzishwa mwaka 1970 na watunzi wenyewe, akina Ennio Morricone, Armando Trovajoli, Piero Piccioni na Luis Bacalov. Siku moja picha ya kauboi, siku ya pili ya mapenzi, siku ya tatu ya muuaji mwenye glavu nyeusi. Sauti ya kike isiyo na maneno ni ya Edda Dell'Orso. Kinanda cha mdomo katika ile picha ya kauboi ya mwongozaji Sergio Leone ya mwaka 1968 ni cha Franco De Gemini. Mluzi ni wa Alessandro Alessandroni, ambaye maisha yake yaliishia Swakopmund, Namibia, mwaka 2017. Waliokaa kwenye viti vya mbele katika kumbi za sinema za Dar es Salaam, Unguja na Mombasa miaka ya sabini waliujua mluzi huo vizuri kuliko walivyomjua mpigaji. Steringi alikuwa hajatokea bado, lakini mluzi ukishalia ukumbi wote unajua anakuja.

Majina haya kuyajua leo ni kazi ya wakusanyaji, na hapo nawapa haki yao yote. Makasha ya zamani yalidanganya au yalinyamaza. "Dan Savio" katika picha ya kwanza ya Leone ya kauboi ni Morricone mwenyewe, aliyepewa jina la Kimarekani ili mtazamaji adhani filamu imetoka Marekani. "Braen" ni Alessandroni. "Zalla" ni Piero Umiliani, yule aliyetunga kile kiwimbo cha "mana mana" kwa filamu ya mwaka 1968 kabla ya vikaragosi vya televisheni kukichukua na kukipeleka dunia nzima. Kampuni hazikuwa na haja ya kuyafumbua hayo. Waliofumbua ni watu wenye madaftari, waliolinganisha mlio wa gitaa moja na mwingine mpaka usiku wa manane.

Halafu kuna suala la kanda zenyewe, na hapa ubishi unapungua. Kanda mama, yaani rekodi za asili, za zamani zilizotengenezwa kwa asetati, aina ya plastiki, hufa zikinuka siki. Ukifungua boksi, harufu inakupiga kabla hujaona kitu, na mvuke wake huharakisha kuoza kwa kanda za jirani. Nyingi za miaka ya sabini zina ugonjwa mwingine: gundi inayoshika unga wa sumaku hunyonya unyevu wa hewa, kanda ikipita mashinani inapiga kelele kama bawaba kavu na kuacha matope ya kahawia kwenye vichwa vya kusomea. Dawa yake inachekesha hadi uione ikifanya kazi. Kanda inaokwa. Inawekwa kwenye joto la kama nyuzi 54 kwa saa kadhaa, ipoe, kisha inakiliwa haraka kabla gundi haijalegea tena. Lakini fundi asiyejua akiitia ya asetati kwenye oveni ameiua. Kwa hiyo mtu anayesema muziki huu usubiri, hauna haraka, hajawahi kufungua boksi.

Mfano unaouma kuliko yote ni *Diabolik*, picha ya Mario Bava ya mwaka 1968, muziki wa Morricone. Ukiacha santuri ndogo ya wimbo wa mwanzo, muziki huo haukutolewa, na inasemekana kanda mama ziliteketea kwa moto. Kinachozunguka ni nakala za magendo zilizonyonywa kwenye filamu yenyewe. Violini zinapanda, gitaa la umeme linaingia, na katikati ya raha hiyo mlango unafungwa, gari linawaka, mtu anasema jambo kwa sauti ya chini. Mashabiki wamezisikiliza nakala hizo mara nyingi mno hata kelele za gari zimekuwa sehemu ya wimbo. Mwenye haki akilalamika kwamba ameibiwa, ana haki kisheria. Lakini siwezi kumuonea huruma sana mtu anayeibiwa kitu alichokiacha kiungue.

Sasa upande wa pili. Zipo kampuni ndogo zilizofanya kazi ya kuheshimika: Digitmovies na Four Flies huko Italia, Quartet huko Hispania, na nyingine. Wanatafuta kanda, wanalipia haki, wanasafisha sauti, wanaandika maelezo. Kisha wanachapa nakala 500, pengine 300. Zinakwisha, na baada ya miezi zinaonekana tena mnadani kwa bei mara tatu. Wao hujibu kwamba wanunuzi wenyewe ndio hao 500, na ukichapa 2,000 utabaki na maboksi 1,500 sebuleni. Nawaamini. Hesabu ya duka dogo haina huruma. Nisichokubali ni pale muziki huo unapoachwa kwenye sahani hizo 500 tu, usiwekwe hata kwenye intaneti kwa malipo. Hapo kanda imetolewa stoo ya Roma ikaingizwa stoo 500 za watu binafsi, na kijana wa Bari, Italia, anayetaka kujua babu yake alipiga nini hana pa kuusikia.

Kampuni kubwa nazo zimezinduka, na tusijidanganye kwamba ni mapenzi matupu. Sugar, kampuni ya muziki ya Kiitaliano, iliinunua CAM mwaka 2011, na mwishoni mwa 2020, miezi michache baada ya Morricone kufariki, ikatoka *Morricone Segreto*, vipande 27, saba kati yake vikiwa havijawahi kutolewa. Ni albamu nzuri, sitaki kuikosea adabu. Lakini sheria nayo ina saa yake. Katika Umoja wa Ulaya rekodi iliyotolewa hulindwa miaka 70 tangu kutolewa. Iliyolala bila kutolewa ina miaka 50 tu tangu irekodiwe. Haki ya mtunzi ni jambo jingine, ya Morricone itakwisha mwishoni mwa 2090, ila mwenye kanda asiyeitoa anaikaribisha siku ambayo haitakuwa yake tena. Ukiona msukumo wa ghafla wa kufungua maboksi ya mwaka 1970, kumbuka hilo.

Kuna hoja inayonisumbua zaidi ya bei, nayo ni ya mtunzi. Santuri ya *Il buono, il brutto, il cattivo*, picha ya kauboi ya Leone yenye muziki wa Morricone, ya mwaka 1966 ilikuwa na vipande 11. Toleo lililopanuliwa la 2004 likawa na 21. Nilifurahi kama mtoto wa Idi. Lakini nimegundua kwamba nikitaka kuusikiliza muziki, si kuukagua, narudi kwenye vile 11. Vina mwanzo, vinapanda, vinatua. Nyongeza ni kama kusoma rasimu za shairi: mwanafunzi anazihitaji, msomaji hazihitaji, na mshairi mwenyewe huenda asingependa uzione. Sidhani jibu ni kuzifungia. Jibu ni kuzipanga kwa uaminifu: albamu ibaki albamu, na "Seq. 14" ikae nyuma, mahali pa mabaki ya kazi, badala ya kuchomekwa katikati ili sidii ifike dakika 77.

Kuna santuri moja ambayo kwetu sisi wasomaji wa Kiswahili haiwezi kuwa muziki mtupu. *Africa Addio*, filamu ya Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi ya mwaka 1966, ina picha zilizopigwa Kenya, Tanganyika, Kongo na kwingineko wakati wakoloni wanaondoka. Ndani yake kuna picha za Zanzibar za Januari 1964, zilizopigwa kutoka angani: watu wanaokimbilia ufukweni, miili, makaburi ya pamoja. Wapo Wazanzibari, hasa walioishia Oman na Uingereza, wanaozishika kama ushahidi pekee wa picha wa yaliyowapata wazee wao. Wapo wanaoiona filamu nzima kama kejeli ya mkoloni anayefunga virago huku akitabiri kwamba Mwafrika peke yake hawezi, na mimi sauti ya msimulizi wake hunipandisha damu mpaka leo. Kwa picha za Kongo Jacopetti alishitakiwa kwao kwamba mauaji mengine yalipangwa kwa ajili ya kamera, akaachiwa.

Muziki ni wa Riz Ortolani, na ni mzuri kupita kiasi. Violini pana, polepole, kama jua linalozama kwenye kalenda ya shirika la ndege. Ndani ya filamu uzuri huo una kazi: unamwambia mtazamaji amlilie nani. Ukiutoa kwenye picha, kama tunavyofanya sisi wakusanyaji, kazi hiyo haionekani tena. Unabaki wimbo mtamu wa saa kumi na moja jioni. Ndivyo ilivyokuwa kwa wimbo mwingine wa Ortolani, ulioimbwa na mkewe Katyna Ranieri kwa filamu ya waongozaji hao hao, Jacopetti na Prosperi, ya mwaka 1971 kuhusu utumwa Marekani. Mwaka 2011 uliwekwa kwenye *Drive*, picha ya Kimarekani, vijana wakaupenda, na nani alikuwa na sababu ya kuuliza ulitoka wapi?

Kwa *Diabolik* kuutenga muziki na picha ni faida tupu. Ningetoa fedha nyingi niusikie bila ule mlango. Kwa *Africa Addio* kuna kitu kinapotea. Sisemi usitolewe. Kanda za Ortolani zinastahili kuokwa na kunakiliwa kama za mwingine yeyote, na kuuficha muziki hakumrudishii mtu ndugu yake. Nasema tu kijitabu cha ndani kikiwa na nafasi ya kueleza maikrofoni zilizotumika, kina nafasi ya kueleza vipande hivi vilipangwa juu ya nini.

Mwaka jana nilimwandikia muuzaji mmoja wa Ulaya aliyekuwa na nakala ya zamani ya santuri hiyo. Nilimuuliza kama kwenye kasha, popote, limeandikwa neno Zanzibar. Akanijibu siku ile ile, kwa adabu: kona moja ina mkunjo kidogo, sahani safi kabisa, mono, na akinunua mtu zaidi ya mbili posta ni bure.