Ile klipu ya "naomba naomba", hebu nisikilizeni na mimi

Kabla hujanitumia tena ile klipu inayozunguka, ya sauti yangu ikirudia "naomba" bila kupumua, ngoja niseme. Ndiyo, sauti ni yangu. Hapana, sikuwa nalia, na wala sikupiga magoti kama huyu mshkaji anayenidai anavyowaambia watu, sijui hayo magoti kayaona wapi wakati tulikuwa tunaongea kwa simu. Iliyokuwa inaomba ni kompyuta. Mimi nilikuwa chini ya meza na bisibisi.

Ile mashine yangu wengi mnaijua, ya mwaka 2008, mnayoiita Mzee. Mzee alikuwa hana shida na mtu mpaka nilipoapdeti programu ya kuhariri sauti. Toleo jipya limekuja na mawimbi ya sauti yanayotembea kwenye skrini, rangi kibao, yanapendeza kweli, halafu ukiyaacha yacheze kidogo kila kitu kinaganda. Sio programu peke yake, kompyuta nzima. Mimi huwa naanza na taa ya Caps Lock, ukibonyeza ikawaka ujue kerneli (kile kiini cha Linux, mfumo unaomwendesha Mzee) bado inahema, ikigoma ujue hapo umebaki na boksi la bati. Ilikuwa inagoma.

Nikashuku kila kitu isipokuwa hiyo programu, na nilikuwa na sababu. Kwa kawaida programu haina ubavu wa kuua kompyuta nzima, yenyewe inatuma maombi tu, wanaogusa chuma ni kerneli na madraiva, yaani vile viprogramu vinavyoendesha kila kifaa. (Kuna ile kesi ya prosesa za Pentium iliyojulikana mwaka 1997, agizo moja tu fupi linaloanza na F0 0F, programu yoyote hata isiyo na ruhusa maalum ikiliita prosesa inaganda palepale. Lakini Mzee sio wa enzi hizo.) Nikaiacha Memtest86+ ikapima ramu usiku kucha, ramu safi. Nikafungua boksi, nikapuliza vumbi, nikabadilisha ile pesti ya joto juu ya prosesa, joto likashuka vizuri sana, Mzee akaganda akiwa wa baridi. Na kwenye kufungua huko nikakata kawaya ka kitufe cha kuwashia. Hako kawaya msikasahau. Tangu siku hiyo nikawa nawasha kompyuta kwa kugusisha bisibisi kwenye pini mbili za mazabodi, na nikawa najiona fundi kwelikweli.

Sasa mshkaji. Huyu anayajua haya mambo kuliko mimi, na pia ananidai. Deni lilikuwa limeshapita tarehe, na mimi nikitaka kuomba kitu mdomo unakuwa mzito, kwa hiyo nilikuwa nimejirekodi nikifanya mazoezi ya namna ya kumwambia. Ndiyo, mazoezi, kwa maikrofoni. Msinicheke, na nyie mnafanyia kwenye kioo.

Nikampigia kuhusu kuganda, sio kuhusu deni, nikiamini akishanisaidia moja moyo utakuwa umelainika kwa la pili. Akaniambia niachane na logi, yale maandishi ya matukio ambayo kompyuta inajiandikia kwenye diski, kwa sababu kompyuta ikifa ghafla ile mistari ya mwisho, ambayo ndo unaitaka, mara nyingi haiwahi kuandikwa. Niweke netconsole, hiyo inatupa maneno ya kerneli palepale kwenye waya wa mtandao mpaka mashine nyingine. Nikaweka, laptopu ikawa pembeni inapokea. Simu nimeiweka laudispika juu ya meza, katikati ya spika mbili za kompyuta, na spika nimezifungulia kwa sababu mshkaji alitaka kusikia inafia wapi.

"Haya, fungua programu, acha mawimbi yacheze."

"Poa kaka."

Hilo toleo jipya, ukilifungua linaendelea lenyewe na faili la mwisho. Linajipigia tu, hata halikuulizi. Mnalijua faili la mwisho lilikuwa lipi.

Sauti yangu ikatoka kwenye spika, nzito, ya mtu mwenye matatizo: "Ndugu yangu, kwanza pole na majukumu."

Mkono wangu ukaenda kwenye mausi kuzuia, na sekunde hiyohiyo mawimbi yakasimama. Skrini imeganda. Nikashukuru Mungu, nikajua imekufa. Haijafa! Kilichokufa ni picha, sauti inaendelea. Na kishale cha mausi kinatembea, yaani nakipeleka mpaka kwenye alama ya kusimamisha, nabofya, hakuna kitu, nabofya tena, hakuna, nabonyeza spesi, hakuna, na kule ndani mimi yule mwingine nimeshanyamaza kidogo, halafu nikasema kwa sauti yangu ya kawaida kabisa: "Hapana. Huzuni iongezeke."

Kwenye simu kimya.

"Ndugu yaaangu, pole na majukumu." Pumzi ndefu. "Hapa nikohoe." Nikakohoa. "Hapa nimtaje mtoto? Aah, anajua sina mtoto."

Wale mnaojua Linux najua mnapiga kelele huko, SysRq, SysRq! Ni kweli kerneli ilikuwa bado hai, kuna Alt na SysRq halafu R, E, I, S, U, B, vitufe vya kuiambia kerneli moja kwa moja iwashe upya mashine iliyoganda, mfuatano ambao naujua kwa miaka, nimewafundisha watu, nimebishana na watu. Pale kwenye meza nikakumbuka Alt.

Mshkaji akaongea, taratibu: "Hicho kikohozi usikitoe, kimekaa vizuri."

Nikafungua mdomo nijibu, spika zikanitangulia. "Kwa hiyo kaka, naomba—" na hapo ndo Mzee akafa kikwelikweli. Ila kompyuta ikifa hivyo kadi ya sauti haipati taarifa, inaendelea kusoma kile kipande cha mwisho kilichoachwa kwenye bafa (kumbukumbu ndogo ya kupitishia sauti), kikiisha inaanza upya. Bafa ya kilobaiti 64 kwa sauti ya kiwango cha CD ni kama theluthi ya sekunde. Theluthi ya sekunde inatosha neno moja. Lingeweza kuwa neno lolote, ningekuwa nimesema "na" peke yake mngedhani ni injini. Lakini hapana. Naomba-naomba-naomba-naomba-naomba, bila kupumua, kwa sauti kubwa, kwa ile huzuni niliyoiongeza.

Kuzima kompyuta iliyoganda unashikilia kitufe kama sekunde 4. Kitufe sina, nina bisibisi. Nikaingia chini ya meza, ncha kwenye zile pini mbili, na sekunde 4 ni za mfululizo, ukiteleza unaanza upya. Moja, mbili, naomba-naomba, mkono unatetemeka, imeteleza. Moja, mbili, tatu, imeteleza. Nilikuwa kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano huku anafukuzwa na nyuki. Na kutoka juu ya meza nikasikia mshkaji anacheka, halafu nikasikia mtu mwingine anacheka, halafu mwanamke akauliza "anaomba nini?", ndo nikajua kumbe na yeye kaniweka laudispika, na kumbe kuna mtu alishaanza kurekodi.

Mnaouliza kwa nini sikuzungusha kile kirungu cha sauti kwenye spika: nyamazeni. Mnaouliza kwa nini sikukata simu: na nyie. Wa kuchomoa waya ukutani, wewe umekuja na akili zako sebuleni kwenu, umekaa, unakunywa maji. Njoo chini ya meza tuone.

Ikazima mwishowe. Ukimya ule sijawahi kuupenda hivyo.

Mengine ni mafupi. Kwenye laptopu netconsole ilikuwa imeacha mistari yake safi kabisa: kadi ya grafiki iliganda, draiva ikaisubiri milisekunde 10,000, ikajaribu kuianzisha upya, na kadi ikaondoka na kompyuta nzima. Hizo milisekunde 10,000 ndo zile nilizokuwa najisikiliza nikikohoa. Kumbe mawimbi mapya yanachorwa na kadi ya grafiki, ya zamani yalikuwa yanachorwa na prosesa. Ndo maana ukipunguza dirisha la programu likashuka chini ilikuwa haigandi, kitu nilichokuwa nimekiona mapema nikakiita bahati. Nikaiwasha programu na mpangilio wa LIBGL_ALWAYS_SOFTWARE=1, kazi ya kuchora ikarudi kwa prosesa, sasa mawimbi yanakwenda kwa kukwama na feni inalia, lakini haigandi tena. Kawaya ka kitufe nimekaunga.

Deni nikaona basi niliseme tu wazi, maana ombi lilikuwa limeshafika. Nikamwandikia ujumbe wa kistaarabu, kaka nipe mpaka mwisho wa mwezi. Akajibu kwa voisi. Nikaifungua mbele za watu, kwenye foleni, simu ikiwa juu kabisa.

Leta-leta-leta-leta-leta.