Kabla ya kumpa shemeji funguo za nyumba ya wageni Lubumbashi

Mwenye nyumba anayeishi Brussels au Johannesburg akitaka kupangisha nyumba yake ya Lubumbashi kwa siku chache chache kwenye Airbnb, wa kwanza kupewa funguo huwa shemeji au binamu. Mimi napinga. Ndugu anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini ni nani atathubutu kumwambia kaka wa mke wake alete risiti? Tafuta mwenyeji mwenza, yaani mtu wa kukusimamia nyumba na wageni, anayeishi karibu na lupango (kiwanja) lako, muandikiane mkataba, umlipe vizuri.

Komisioneri, yaani dalali wa nyumba, naye hafai. Amezoea kutafuta mpangaji, kuchukua chake na kwenda zake. Mgeni wa siku tatu anataka mtu wa kumpokea ndege ikichelewa kwenye uwanja wa Luano, na wa kupokea simu saa nne usiku bomba likikauka.

Mwenyeji mwenza wa hapa kwetu ni mtu wa umeme na maji kwanza; picha na ujumbe vinakuja baadaye. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika kisha ukarudi, hurudi ukipanda na kushuka, na ndipo kompresa ya friji inapoungua. Weka stabilaiza (kifaa cha kusawazisha umeme) inayochelewesha dakika 3 hadi 5 kabla ya kupitisha umeme, na mwenza ahakikishe hakuna anayeichomoa ili achaji simu. Yuniti za kashi pawa (mita ya umeme wa kulipia kabla) zinunuliwe kabla mgeni hajaingia, si baada ya giza. Tanki la lita 2,000 nalo hudanganya macho: wageni 4, kila mmoja lita 120 kwa siku, siku ya tano wanafungua bomba na kusikia upepo.

Kinacholeta ugomvi mkubwa ni jenereta. Ya petroli, kVA 5, ikibeba nusu ya mzigo wake, hula kama lita 1.5 hadi 2 kwa saa. Ifunge mita ya saa, kisha daftari liwe na tarehe, namba ya mita wakati wa kuwasha, namba wakati wa kuzima, na lita zilizotiwa. Mita ikionyesha saa 10 na daftari likisema lita 35, ama kabureta inavuja ama kuna mtu anauza petroli nje ya lango. Usianze kwa kumshuku zamu, yaani mlinzi. Mwite fundi aangalie kabureta kwanza.

Malipo: wenyeji wenza wengi huchukua asilimia 15 hadi 25. Mimi ningetoa 20, ikihesabiwa baada ya makato ya Airbnb, na usafi ulipwe peke yake. Petroli, yuniti na sabuni visitoke kamwe kwenye fungu lake, maana mtu anayenunua petroli kwa pesa ya mfuko wake mwenyewe ataacha jenereta imezimwa. Mwachie dola 100 za matumizi madogo, noti nzima zisizochanika, na umjazie tu kwa risiti au ujumbe wa M-Pesa. Mwezi usio na wageni mpe kitu kidogo kisichobadilika, la sivyo atatafuta kazi nyingine na nyumba itajaa vumbi jekundu.

Mashuka yawe seti 3 kwa kila kitanda: moja kitandani, moja kwenye kufuliwa, moja kabatini. Mvua za Januari zinaweza kuyaacha kwenye kamba siku nzima yasikauke.

Tangazo lifunguliwe kwenye akaunti yako. Likiwa kwenye akaunti yake, siku mkiachana anaondoka na maoni yote ya wageni. Usimpe neno lako la siri. Mwongeze kama mwenyeji mwenza kwa akaunti yake, uanze na ruhusa ya kalenda na ujumbe tu, bila ruhusa kamili. Kila mgeni akitoka, mwenza apige picha za vyumba vyote kabla mfagiaji hajaingia: dai la kitu kilichovunjwa linapaswa kupelekwa Airbnb ndani ya siku 14, na bila picha ni maneno yako dhidi ya ya mgeni.

Mkataba utaje idadi ya funguo na notisi ya siku 30. Siku ya mwisho, toa jina lake kwenye tangazo, hesabu fedha za matumizi mbele ya zamu, na ubadilishe silinda ya kitasa hata kama amerudisha funguo zote. Kuchonga ufunguo mwingine ni kazi ya dakika chache.