Pesa za wazee zipewe tarehe

Kila tukizungumzia Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wazee na wengine wasiojiweza, Wakenya tunabishana juu ya kiasi. Shilingi 2,000 kwa mwezi zitamtosha nani? Hazimtoshi mtu, na nitalirudia jambo hilo. Lakini kuna kasoro nyingine inayowaumiza wazee wetu zaidi, nayo haitajwi sana: pesa hizi hazina tarehe. Mzee anajua anaidai serikali, ila hajui atalipwa lini. Mwezi huu? Ujao? Baada ya Idi? Baada ya Krismasi? Hata naibu wa chifu ukimuuliza atakwambia naye anasubiri kusikia redioni.

Mpango huu si mgeni. Ulianza mwaka 2004 kwa majaribio ya kuzisaidia familia zilizokuwa zikilea mayatima, wakati ambapo UKIMWI ulikuwa umewaacha watoto wengi mikononi mwa nyanya zao. Baadaye wakaingizwa wazee, kisha watu wenye ulemavu mkubwa. Siku za mwanzo wafadhili walibeba sehemu kubwa ya mzigo; leo pesa nyingi zinatoka kwa mlipa kodi wa Kenya. Mwaka 2018 serikali ikachukua hatua ambayo naihesabu kati ya mambo mema iliyowahi kuyafanya: ikaanza kumlipa kila aliyetimiza miaka 70 asiyekuwa na pensheni, bila kumpekua kama ana mbuzi wawili au bati juu ya nyumba. Leo wanaolipwa chini ya Inua Jamii, ukiwajumlisha wote, wanapita milioni 1. Zanzibar ilitutangulia katika njia hiyo: Aprili 2016 ilianza kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi pensheni jamii ya shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, kwa fedha zake yenyewe.

Kwa hiyo siandiki kuubeza mpango. Naandika kwa sababu naupenda na naona unavyoharibiwa na namna unavyoendeshwa.

Mama yangu mkubwa anaishi Kilifi, upande wa bara, kule ambako mvua ikikosa kidogo tu mahindi hukauka yakiwa hayajafika magotini. Kwa miaka mingi pesa zake zilitakiwa ziingie kila baada ya miezi miwili, shilingi 4,000 kwa pamoja. Miezi miwili ikipita bila kitu, hana budi kwenda dukani kwa mkopo. Nimekaa naye pale kwenye benchi la duka nikaona mambo yanavyokwenda. Kijana mwenye duka anamsalimu vizuri, "Shikamoo bibi," halafu anauliza lile swali ambalo kijiji kizima kinauliza: "Zimeingia?" Anajibu, "Bado, mwanangu." Kijana anafungua daftari la madeni, anaandika: unga kibaba kimoja, mafuta ya kupima ya shilingi 20, sukari robo, kiberiti. Ukurasa wa mama mkubwa umejaa mpaka pembeni.

Anayekopa hachagui bei. Unga wa kibaba, ukipigia hesabu, ni ghali kuliko pakiti ya kilo 2, lakini pakiti hakopeshwi. Wala hawezi kwenda duka la pili lenye bei nafuu, kwa sababu huko hana daftari. Pesa zikija, zote au karibu zote zinapelekwa kulipa deni, na jioni ile ile ukurasa mpya unafunguliwa. Simlaumu mwenye duka. Yeye pia ana mtu wa jumla anayemdai, na bila yeye wazee wengi wangelala njaa. Ila nataka msomaji aone kwamba serikali ikichelewa, mzee hapati tu pesa zile zile baadaye. Anapata kidogo zaidi, maana sehemu imeliwa na bei ya mkopo. Dawa za presha nazo zinanunuliwa za wiki moja badala ya mwezi, na wiki nyingine zinarukwa. Mbegu zinanunuliwa baada ya masika kuanza, au hazinunuliwi kabisa.

Si mara moja malipo yamerundikana miezi minne au zaidi, kisha yakatolewa kwa mkupuo huku waziri akitangaza mbele ya kamera kana kwamba ni zawadi. Mpokeaji wa mkupuo kama huo hanufaiki kama aliyelipwa kila mwezi. Shilingi 8,000 zikishuka siku moja, kila mdai anajua, kila mjukuu anajua, na wezi nao wanajua.

Kwa nini hazina tarehe? Jibu liko katika foleni ya Hazina Kuu, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu ndiko shina liliko. Katiba yetu inataka deni la taifa litozwe moja kwa moja kwenye mfuko mkuu wa serikali. Hiyo ni ibara ya 214. Mishahara ya majaji imewekwa hivyo hivyo. Pensheni za waliokuwa watumishi wa serikali nazo zimo katika fungu hilo linalolipwa kwanza. Inua Jamii haimo. Yenyewe imekaa ndani ya bajeti ya wizara pamoja na semina, mafuta ya magari na ukarabati wa ofisi. Makusanyo ya kodi yakipungua, Hazina inalipa kwanza yale ambayo sheria inailazimisha, na yaliyobaki yanasubiri. Mzee wa Ganze, huku Kilifi bara, anasubiri kwa sababu sheria haijamkataza mtu yeyote kumchelewesha.

Na hiyo ni ajabu, kwa sababu Katiba hiyo hiyo, ibara ya 43, inasema kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, na kwamba Serikali itatoa hifadhi hiyo kwa wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Ibara ya 57 inawataja wazee wenyewe, waishi kwa heshima na wapate matunzo ya familia na ya Serikali. Haki hiyo imeandikwa kwa wino ule ule ulioandika deni la taifa. Mbona mwenye hati ya dhamana, yaani aliyeikopesha serikali, hajawahi kuambiwa asubiri mpaka kodi iingie?

Wengine watasema haiwezekani kulipa watu wengi hivyo kwa wakati, nchi ni kubwa, barabara mbaya, mtandao hakuna. Basi tutazame kaskazini. Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera kuna mpango mwingine wa kupambana na njaa ulioanza kulipa watu mwaka 2009. Katika awamu yake ya pili, ukame ulikuwa ukipimwa kwa satelaiti inayoangalia hali ya malisho. Malisho yakishuka chini ya kiwango fulani, malipo ya dharura yanatolewa hata kwa familia ambazo kwa kawaida hazimo katika orodha, bila kusubiri mwanasiasa aje kuhesabu mizoga ya ng'ombe. Ikiwa tuliweza kuandika kanuni inayosema majani yakikauka kiasi hiki watu walipwe, tutashindwaje kuandika kanuni inayosema tarehe 5 ya kila mwezi wazee walipwe?

Kisha kuna vikwazo vidogo vidogo ambavyo ukiviangalia kimoja kimoja utadhani ni mambo ya ofisini tu, lakini kwa mzee ni ukuta. Alama za vidole ni kimojawapo. Mtu aliyelima kwa jembe miaka 50, akaosha vyombo kwa majivu, vidole vyake vimeshakuwa laini kama jiwe la mtoni. Nimemwona ajenti akimwambia bibi mmoja ajaribu kidole gumba, kisha cha shahada, kisha afute na kanga, kisha apake mafuta, kisha arudi siku nyingine. Nauli ya bodaboda imeshatoka. Hakuna aliyemwandikia popote kwamba alikuja.

Kingine ni umri. Wazee wengi wa huku walizaliwa nyumbani, na mwaka wa kuzaliwa uliandikwa kwa kukadiriwa siku walipochukua kipande. Karani alimtazama mtu usoni akaandika. Leo kuna wazee ambao kijiji kizima kinajua wamepita 70, wenzao wa rika moja wanalipwa, lakini kitambulisho kinasema 66. Kubadilisha mwaka huo kunataka nyaraka ambazo hazijawahi kuwepo. Na hata mwenye kitambulisho sahihi, akitimiza 70, hawekwi kwenye orodha siku hiyo. Anasubiri serikali itangaze uandikishaji, na baada ya ule wa kwanza watu walisubiri miaka. Wapo waliofariki wakiwa katika kusubiri huko, na familia haikuwahi kupata hata barua.

Sasa malipo yanahamishiwa kwenye simu. Safari ya kwenda benki itapungua, na hilo ni jema. Lakini laini nyingi za wazee zimesajiliwa kwa jina la mjukuu, na namba ya siri anayo mtoto. Mwenye mtoto mwema atafurahi. Asiye naye atasikia tu kwamba zimeingia na zimekwisha. Ndiyo maana ofisa wa huduma za jamii anatakiwa afike vijijini, aulize wazee wenyewe wakiwa peke yao kama wamepokea. Kazi hiyo ni ya miguu, haiwezi kufanywa na programu.

Wanaoogopa wizi nawaelewa. Majina ya marehemu kwenye orodha yapo, na ni aibu. Lakini anayefia nyumbani kwetu huzikwa kwa kibali kinachotoka kwa naibu wa chifu. Taarifa iko pale pale kijijini, siku ile ile. Iunganishwe na orodha, marehemu aondolewe, na wengine waendelee kulipwa. Tusiwasimamishe maelfu kwa miezi, eti uhakiki unaendelea, ili kuwanasa wachache.

Sasa kile kiasi. 2,000 ni ile ile tangu miaka ya mwanzo ya 2010. Mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo 2 ilipita shilingi 200. Maana yake ni kwamba pesa za mwezi mzima zilikuwa chini ya pakiti 10 za unga, bila mboga, bila kuni, bila dawa. Kiwango kisichopandishwa wakati bei zinapanda kinakatwa kila mwaka, hata kama hakuna waziri aliyesaini kukikata. Nataka kipandishwe kulingana na mfumuko wa bei, na nitaendelea kulidai hilo. Lakini lile la tarehe haliongezi hata senti moja katika bajeti. Pesa zenyewe zimeshapitishwa na Bunge, zimeshasomwa mwezi Juni. Kinachohitajika ni kifungu cha sheria kinachoyatoa malipo ya Inua Jamii katika bajeti ya wizara na kuyaweka moja kwa moja kwenye mfuko mkuu, pamoja na deni na pensheni, na kinachotaja siku ya mwezi ambayo lazima yawe yamemfikia mwenyewe. Kamati ya Bajeti ya Bunge hupokea maoni ya wananchi kabla ya bajeti kupitishwa. Mimi nitapeleka ya kwangu kwa maandishi, na nawaomba ninyi mnaosoma hapa, hasa wenye wazazi vijijini, mpeleke ya kwenu, kisha mumuulize mbunge wenu mbele ya watu: pesa za wazee zitaingia tarehe ngapi?