Samansi ya talaka: nani anafaidika mwenzake asipopatikana?

Katika madai ya kawaida, anayeshtaki na anayeshtakiwa mara nyingi hawajuani sana. Mwenye duka anamdai mteja aliyehama mtaa. Akisema amemtafuta hakumpata, hakimu hana sababu kubwa ya kushangaa. Talaka ni shauri la aina nyingine. Anayelifungua amelala kitanda kimoja na mdaiwa kwa miaka. Anawajua wakwe na mashemeji, anakijua kijiji, anamjua hata shoga au rafiki anayekimbiliwa siku ya ugomvi. Na huyo huyo ndiye mwenye nafasi kubwa ya kupata anachoomba mwenzake asipotokea mahakamani. Ndiyo maana nasema hoja yoyote kuhusu namna ya kumfikishia mwenza samansi, yaani wito wa mahakama, na karatasi za talaka ianzie hapo, kabla hatujafika kwenye magazeti na simu zinazotumika kumwita.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka wanandoa wapitie kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa cheti, ile Fomu Namba 3, na cheti hicho kinaambatishwa kwenye maombi ya talaka. Si karatasi ya kupuuza: Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo mzima wa shauri kwa sababu cheti hakikuwa halali. Lakini kifungu cha 101 kina misamaha. Huhitaji baraza ikiwa mwenza yuko nje ya nchi na hatarajiwi kuingia ndani ya miezi sita, au ameitwa na baraza akagoma kwa makusudi, au anatumikia kifungo cha maisha au kisichopungua miaka mitano, au anadaiwa kuwa na ugonjwa wa akili usiotibika. Yapo pia mazingira ya kipekee ambayo mahakama yenyewe itayapima. Na msamaha unaotajwa wa kwanza kabisa ni huu: mdai anadai kwamba ametelekezwa na mwenzake, na hajui aliko.

Anadai. Kwa kuepuka baraza, kifungu kinatosheka na dai hilo. Halafu shauri likishafunguliwa, maneno hayo hayo, safari hii kwenye hati ya kiapo, yanaweza kuishawishi mahakama kuruhusu samansi mbadala, yaani tangazo gazetini au nakala iliyobandikwa mlango wa nyumba aliyokuwa akiishi mdaiwa. Sentensi moja, "sijui aliko", imeondoa kikao cha usuluhishi na imeondoa pia wito wa mkono kwa mkono.

Sasa, yupo mtu ambaye sentensi hiyo kwake ni kweli tupu. Mume alikwenda machimboni, akabadilisha laini, na kwao wanasema hata wao hawajamwona. Kutelekezwa kwa makusudi kwa muda usiopungua miaka mitatu kumetajwa kwenye sheria kama moja ya mambo yanayoweza kuonyesha kuwa ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, kwa hiyo mwanamke anayetumia sababu hiyo anafika mahakamani akiwa ameshangoja vya kutosha. Ukimwambia atafute mkono wa kumkabidhi samansi, umemfunga kwenye ndoa ya mtu mmoja.

Yupo pia anayejulikana aliko ila hashikiki. Msambaza nyaraka wa mahakama akibisha hodi mbele, yeye anatokea uani. Wengine wanapokea karatasi, wanaisoma hadi mwisho, kisha wanakataa kusaini, wakiamini kwamba kusaini ni kukubali kuachwa. Sivyo. Saini hiyo inathibitisha kupokea tu, na anayekataa, kukataa kwake kunaandikwa kwenye kiapo cha aliyempelekea, na shauri linaendelea. (Pwani hali inachanganya zaidi, kwa sababu watu wamezoea karatasi ya talaka anayoandika mume, ambayo yenyewe ndiyo talaka. Samansi ni wito wa kuja kusema lako.) Kwa mkaidi wa namna hii sina huruma nyingi. Mahakama ikimngoja mpaka aridhike kuitwa, itakuwa imempa yeye kauli ya mwisho.

Ila geuza upande. Mke ametumwa kijijini Kasulu, mkoani Kigoma, kumuuguza mama mkwe, mume kabaki Dar es Salaam. Mume anafungua shauri, anaapa hajui mkewe aliko, tangazo linatoka kwenye ukurasa wa ndani wa gazeti lisilofika kijiji kile, tarehe inapita, ushahidi unasikilizwa upande mmoja. Nimeutunga mfano huu, lakini hakuna hatua hata moja ndani yake ambayo utaratibu unaizuia kwa hakika. Tazama kinachopotea. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, Mahakama ya Rufani inatambua kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Kanuni hiyo haijitumii yenyewe; lazima mtu asimame aeleze alipika, alilea na alijibana kiasi gani wakati nyumba inajengwa. Vivyo hivyo malezi ya watoto: sheria inaanza na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba akae na mama, lakini dhana hiyo inapingika, na mama asiyekuwepo hana wa kumjibu anayeipinga.

Wanasheria watasema hukumu ya upande mmoja inaweza kutenguliwa. Ni kweli, ukiomba kwa wakati na ukawa na sababu ya kutosha. Lakini nyumba ikiwa imeshauzwa na mume ameshaoa tena, hukumu ikitenguliwa unabaki na mnunuzi anayelalamika na ndoa ya pili yenye swali juu yake.

Kuhusu gazeti, tuache kujidanganya. Jaji Matthew Cooper wa Manhattan, New York, alilisema wazi mwaka 2015, alipomruhusu mwanamke mmoja kumpelekea mumewe karatasi za talaka kwa ujumbe wa Facebook kwa sababu mume huyo hakuwa na anwani yoyote inayojulikana: tangazo la gazeti lilikuwa ghali na karibu lisingemfikia kamwe. Kenya nayo, kupitia marekebisho ya 2020 ya kanuni za mashauri ya madai, iliruhusu samansi kwa barua pepe na kwa programu za ujumbe za simu, kupitia namba ya mwisho inayojulikana na kutumiwa na mdaiwa. Msambaza nyaraka anaambatisha kwenye kiapo chake ripoti inayoonyesha ujumbe umefika.

Naona hiyo ni nafuu kubwa kuliko gazeti. Mume wa machimboni anaweza kuikwepa ofisi ya mtendaji wa kata. Simu anaishika kila siku. Tatizo ni kwamba kufika kwenye simu si kusomwa na mwenye simu, na hakuna anayeweza kuchezea jambo hilo kirahisi kama mwenza. Anaijua nywila yako. Kama bado mnaishi nyumba moja, ujumbe unaweza kufunguliwa na kufutwa kabla hujarudi kutoka sokoni. Na anayetoa namba hiyo mahakamani ni nani? Ni mdai. Tumebadilisha chombo cha kufikishia wito bila kumgusa mtu tunayemtegemea kusema ukweli.

Kwa hiyo mimi ningependa mahakama ibane zaidi kiapo cha "sijui aliko" kuliko kuhangaika na chombo. Mdai aulizwe kwa majina: wazazi wa mwenzako ni nani na umewauliza lini? Watoto wako wapi, na nani anawalipia ada? Mara ya mwisho mlitumiana pesa kwa namba ipi? Tena kuna watu ambao sheria yenyewe ilishawaweka kwenye faili. Ndoa haifungwi bila mashahidi wasiopungua wawili, na majina yao yamo kwenye cheti cha ndoa kinachowekwa mbele ya hakimu. Kabla ya kuruhusu tangazo, kwa nini shahidi wa upande wa mdaiwa asitafutwe?

Najua pendekezo hili lina mapingamizi mawili. Mwanamke aliyekimbia kipigo hatataka mahakama ipige hodi kwa mashemeji kabla hajapata pa kujificha, na ndugu wa mume wanaweza kumlinda mtoro kwa kusema hawamjui aliko. La kwanza ni zito. Hapo hakimu awe na uhuru wa kuziruka hatua hizi, na aandike sababu zake kwenye kumbukumbu za shauri. La pili halinitishi: ndugu akishaulizwa na mahakama, ni vigumu kuamini kwamba habari haitamfikia anayetafutwa, na hilo ni zaidi ya linalofanywa na tangazo la gazeti.