Ziwa letu halina benchi

Mama yangu anakaa Section 58, Nakuru, na kila nikimtumia picha kwa WhatsApp hunijibu kwa sauti, kamwe si kwa maandishi. Mwezi wa kumi nilimtumia mti mwekundu kama pilipili iliyoiva, umeinamia maji, na taswira yake majini nyekundu vilevile. Akaniuliza, "Mwanangu, huo mti unaungua ama unakufa?"

Nikamweleza kwamba haufi, unajiandaa kwa baridi. Jani huwa la kijani kwa sababu ya klorofili. Siku zikianza kufupika mti huacha kuitengeneza, iliyopo inavunjika, na rangi ya manjano iliyokuwa imefichika chini yake tangu jani lichipuke inajitokeza. Wekundu nao hutengenezwa wakati huohuo, kwa sukari iliyobaki ndani ya jani, na hukolea zaidi mchana ukiwa wa jua na usiku ukiwa wa baridi. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema kwao mijakaranda imeanza kumwaga maua, na njia ya kupandia Milimani imekuwa zambarau tupu. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya hapo.

Mti ule niliupiga Sheffield Park, bustani iliyoko Sussex, kusini mwa Uingereza. Naishi Croydon, kwa hiyo nilipanda treni hadi East Grinstead, na kutoka hapo nikapanda garimoshi la mvuke la Bluebell Railway. Lile toroli la makaa, ule moshi unaoingia dirishani, filimbi inayosikika mpaka kifuani: babu zetu waliuona mtindo huohuo wa gari reli ilipofika Kisumu mwaka 1901. Huku wazee wanaojitolea ndio wanaoliendesha, na nguo zao zimepigwa pasi.

Bustani ina maziwa yaliyochimbwa kwa mikono ya watu, moja juu ya jingine, na miti imepangwa kandokando yake ili kila rangi ijirudie majini. Capability Brown, mbunifu maarufu wa bustani, alifanya kazi hapo karne ya 18. Miti ya kuwaka majira haya ilipandwa zaidi na Arthur Soames mwanzoni mwa karne ya 20, hasa nyssa, ambao asili yake ni Marekani. Mjakaranda wetu nao ni mgeni, ulitoka Amerika Kusini. Miti yote miwili imehamia kwa wengine na sasa wenyeji wanaihesabu kuwa yao, na mimi niliyehama nalijua vizuri jambo hilo.

Wapiga picha walioko Nakuru na Kisumu watanielewa nikisema kilichonishika zaidi ni mwanga. Kwetu tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Jua hupanda wima, na saa sita mchana kivuli cha mtu kimekaa chini ya miguu yake. Uso unakuwa na mashimo meusi machoni, na mteja analalamika kwamba umemzeesha. Una saa moja nzuri asubuhi, na jioni una muda mfupi tu kabla giza halijaanguka. Huku, mwishoni mwa mwezi wa kumi, jua halipandi juu. Hata saa sita mchana liko chini, kama robo tu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini, hivyo mwanga unapita kati ya majani kwa ubavu na kila jani linawaka kama kioo cha taa. Nilipiga picha kuanzia saa nne asubuhi hadi jioni bila kuukimbilia mwanga hata mara moja. Nasema wazi, kwa mwanga wa majira haya ya majani kupukutika Uingereza imetushinda. Lakini kesho yake walirudisha saa nyuma, na kufikia saa kumi na moja jioni giza lilikuwa limeingia. Miezi mitatu baada ya hapo unalipia mwanga ule kwa kuishi gizani.

Na kuna jambo lililonisumbua katikati ya uzuri wote ule. Pale Sheffield Park watu wengi walikuwa na kamera, nyingine za bei ya gari dogo, na karibu wote walikuwa wanapiga miti. Mtu akipita mbele ya lenzi wanasubiri aondoke. Mimi kazi nilijifunzia Nyayo Gardens, katikati ya mji wa Nakuru, na kamera ya filamu niliyokodishwa na mzee mmoja, picha 36 kwa roli, na ukiharibu moja umekula hasara. Siku ya Idd au Krismasi familia nzima inakuja na nguo mpya. "Tupige hapo kwa maua." Baba katikati, mtoto mdogo analia kwa sababu kiatu kinambana. Jioni unakimbiza filamu kusafishwa, na wiki inayofuata unazunguka mtaani ukitafuta wenye picha zao. Hakuna aliyewahi kunilipa nipige mti. Maua yalikuwa ya kumpendeza mtu aliyesimama mbele yake, na mpaka leo naamini sisi ndio tuliokuwa tunaitumia bustani ipasavyo.

Siku ya pili rafiki yangu wa Siaya alinichukua kwa gari hadi Birling Gap, pwani. Hapo ndipo yalipo majabali meupe yanayoitwa Seven Sisters. Ni chaki, mabaki ya viumbe vidogo sana vya bahari vilivyokufa zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita, na bahari inayala kila msimu wa dhoruba. Nyumba kadhaa zilizokuwa ukingoni zimelazimika kubomolewa. Mnara wa zamani wa taa ya meli wa Belle Tout, ambao sasa ni nyumba ya wageni, ulikaribia kuanguka mwaka 1999, wakauinua wote na kuusogeza nyuma mita 17. Tulitembea juu ya majabali hayo saa tatu nzima. Hakuna geti, hakuna mlinzi, hakuna aliyetuuliza ile kamera ni ya nini. Kila baada ya mwendo fulani kuna benchi linalotazama bahari, na mengine yana kibao chenye jina la marehemu aliyependa kukaa hapo. Tulikaa kwenye moja tukala chapati tulizobeba. Mzee aliyepita na mbwa alitupungia mkono akaendelea na njia yake.

Hapo ndipo nilipowaza Nakuru, na hasira ikanipanda.

Mimi nimekulia mji wenye ziwa ambalo dunia inalijua. Ziwa Nakuru ni hifadhi ya taifa tangu 1968, na mwaka 2011 liliingia katika urithi wa dunia pamoja na Elementaita na Bogoria. Lakini limezungushwa ua wa umeme, na atakaye kufika ufukweni lazima alipe getini. Nyani na vifaru wanahitaji ua, hilo silipingi hata kidogo. Ninachouliza ni kwa nini, katika mji wote ule uliopanda hadhi kuwa jiji mwaka 2021, hatujatengeneza upande wa nje wa ua hata njia moja ya miguu, na hata benchi moja la saruji, ambapo mama yangu angekaa bure atazame maji. Maji yenyewe yamepanda tangu karibu 2010, yakameza geti la zamani, yakaua migunga ikabaki imesimama mikavu ndani ya ziwa, flamingo wengi wakaenda Bogoria, na watu wa Mwariki wakahama nyumba zao. Ziwa limewafuata wakazi mpaka mlangoni, na bado hawana pa kulitazamia.

Kisumu hali ni tofauti kidogo, Dunga bado unaweza kushuka mpaka kwenye mitumbwi. Lakini sehemu kubwa ya ukingo imeshikwa na majengo na kuta. Mwaka juzi, nikiwa likizo, mlinzi wa jengo moja alinizuia nisipige jua likizama, akasimama begani kwangu mpaka nikafuta picha. Jua lenyewe! Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 62, inahesabu mito na maziwa kuwa ardhi ya umma.

Najua nitaambiwa Uingereza ni tajiri. Bustani ya Sheffield Park si bure, asiye mwanachama wa National Trust, shirika linaloimiliki, hulipa mlangoni. Ila ilikuwa shamba la bwana mkubwa hadi shirika hilo lilipoichukua mwaka 1954, na ile haki ya kutembea pwani ilipanuliwa kwa sheria ya mwaka 2009, majuzi tu. Hawakuzaliwa na njia zile. Kaunti zao, wabunge na mashirika walisukuma mpaka zikapatikana. Na benchi halihitaji utajiri, fundi wa Nakuru angelimaliza kwa siku mbili.

Jana Mama amenitumia picha, kwa mara ya kwanza tangu anunue ile simu. Ni mjakaranda karibu na kwake. Ameipiga saa sita mchana, imeinama upande, na kidole chake kimeziba pembe moja. Maua yametapakaa chini, na katikati yake wanawake wawili wameketi juu ya jiwe, kapu la mboga likiwa kati yao. Mmoja amemwona mpiga picha, anacheka.