Kadi ya Harusi Isiyo na Bwana Wala Bibi

Balaa langu lilianza mwaka niliosomea kompyuta miezi mitatu. Tangu siku hiyo, ukoo mzima ukiona kitu chenye waya, jina linalotajwa ni langu. Redio ya bibi ikikoroma, mimi. Mita ya stima ikilia, mimi. Basi mpwa wangu alipoposwa, dada yangu akaja mpaka barazani, hata kuketi hakuketi.

"Kakangu, kadi utatengeneza wewe. Nataka buluu ya bahari, maandishi meupe. Na isiwe buluu ya ndoo!"

Zamani hapa Amu, yaani Lamu, harusi ilialikwa kwa mdomo. Mama mtu mzima anajitanda buibui, anapita nyumba kwa nyumba, hodi hodi, kazi imekwisha. Mdomo hauishi wino. Siku hizi mtu asipopata karatasi anasema hakualikwa, na aliyepata karatasi anakuja na watu sita.

Nikafungua Word, ile programu ya kuandikia, nikaingia Dizaini, nikabofya rangi ya ukurasa, nikachagua buluu ya kilindini, maji yale ya nje ya Shela. Maandishi nikayatia weupe. Wallahi ilipendeza! Nikamwita mke wangu aone. Akatazama kimya, kisha akauliza, "Na yetu mbona haikuwa hivi?" Nikajua imetoka sawa.

Nikaitia kwenye fleshi, nikashika njia ya Usita wa Mui kwenda saiba, duka la kompyuta na kuprinti. Njiani nikabanwa ukutani na punda watatu wenye magunia ya mchanga, na mwenyewe yuko nyuma anaongea na simu. Nikafika na kanzu nusu nyeupe nusu vumbi. Kijana akabofya. Printa ikanguruma, ikavuta pumzi, ikatema karatasi.

Nyeupe. Nyeupe pe! Buluu hakuna, maandishi hakuna, maana maandishi meupe juu ya karatasi nyeupe ni chumvi ndani ya sukari: ipo, nani ataiona? Nimeshika kadi ya harusi haina bwana, haina bibi, haina hata siku.

"Ami," kijana akasema, "ile rangi ni mandhari ya nyuma."

Nikaigeuza karatasi nitazame nyuma. Nyuma nako kweupe. Kijana akacheka mpaka akashika meza.

"Hamsini, ami."

"Hamsini ya nini?"

"Umeprinti kala."

"Kala iko wapi?"

"Kwenye kompyuta."

Nikalipa. Ningefanyaje?

Nyumbani akaja mtoto wa jirani, kidato cha pili, ndevu hana, adabu kidogo anayo. Akaniambia Word haiprinti rangi ya ukurasa mpaka uipe ruhusa, inakuhurumia wino. Ruhusa yenyewe iko wapi? Ufungue Faili, ushuke chini kabisa kwenye Opsheni, uingie Displei, uteremke mpaka penye mambo ya kuprinti, utakuta kisanduku cha kuprinti rangi na picha za bakigraundi. Ukitie tiki. Haya niambieni: rangi naitia kwenye Dizaini, ruhusa yake iko Displei. Ni kama kununua changu sokoni hapa, halafu uambiwe kibali cha kumkaanga kiko Mokowe, panda boti! (Wenye LibreOffice, programu nyingine ya kuandikia, nao wana kisanduku chao, kwenye mipangilio ya kuprinti. Kumbe tabu hii ina ndugu.)

Mtoto akanionyesha na jambo la pili, la kunitia aibu. Kabla ya kuprinti, pale kando kuna picha ndogo inayoonyesha kitakachotoka. Ilikuwa nyeupe tangu mwanzo. Mimi sikuitazama. Nilijua mtu hukagua samaki kabla hajalipa. Kukagua karatasi sikufundishwa.

Tiki nikaitia. Nikarudi saiba kifua mbele. Printa ikanguruma, ikavuta pumzi.

Nyeupe.

Kumbe ile tiki haisafiri na faili! Inabaki kwenye kompyuta uliyoitilia. Yangu imekaa nyumbani inakunywa chai, na mashine ya saiba haina habari. Nikamwambia kijana atie tiki na yeye. Akakataa: mashine ni ya bosi, mipangilio haiguswi. Hamsini ya pili, ami.

Nikarudi nyumbani, nikaihifadhi kadi kwa PDF kwenye mashine yangu yenye tiki, buluu ikagandia humo humo. Safari ya tatu. Punda wale wale; sasa tunasalimiana.

Ikatoka! Buluu! Nikaagiza arobaini. Sasa sikilizeni habari ya wino. Printa ile inachanganya rangi nne kama mpishi wa biriani, na buluu yangu nzito ilipikwa kwa samawati na waridi. Kadi za kwanza, bahari tupu. Kufikia ya kumi na tano samawati ikaanza kukata roho, na bahari ikawa zambarau. Ya thelathini ilikuwa sharubati. Zote zimelowa wino, zimejikunja pembe kama sambusa zilizokosa nyama. Nikazianika darini juu ya mkeka, na kila kitabu kizito cha nyumba nikakilaza juu yake.

Na pembeni, pande zote nne, mstari mweupe. Nikauliza. "Printa hii haifiki ukingoni, ami." Sikuwa na nguvu ya kubishana.

Nikampelekea dada yangu huku nimeandaa maneno ya kujitetea. Akaishika moja, akaigeuza, akainyoosha kwenye paja. Uso ukamkunjuka.

"Leso!" akasema. "Kakangu, umenitengenezea leso! Pindo hili hapa, mji huu hapa." Halafu akanikazia macho. "Na jina la leso liko wapi?"

Nikamwambia tuandike, "Wino umekwisha, mapenzi yangalipo."

Hajanijibu. Anaitazama ile ya sharubati.