Karanga za Asilimia 29.99

Ukiwa na anwani Houston, benki za Marekani zitakuandikia barua nyingi kuliko ndugu zako wote wa Tanga wakijumlishwa. Kila siku bahasha: umechaguliwa, umeshaidhinishwa, chukua kadi ya mkopo, miezi 15 bila riba. Mwanzo nilikuwa nazifungua kwa heshima. Baadaye nikawa nazitoa kwenye sanduku la barua na kuzitia pipani bila hata kusalimiana.

Moja tu niliijibu, mwezi wa Aprili, nayo ndiyo iliyomleta mama kuja kuishi nasi. Nilimnunulia tiketi, kitanda, godoro, na makoti mawili mazito, maana mama alikuwa ameshaamua kwamba Marekani ni baridi na hakuna wa kumweleza habari za jua la Texas. Deni la kadi nyingine nalo nikalihamishia humo kwa ada ya asilimia 3. Salio likasimama kwenye dola 6,000.

Mama alipofika, hata chai hajamaliza, akauliza tiketi nimelipia nini.

"Kadi ya mkopo, mama. Lakini riba yake sifuri."

"Sifuri kabisa?"

"Kabisa."

"Basi hiyo si riba," akasema, akainua mikono akaiombea benki dua. Sijui kama kuna benki nyingine Texas iliyowahi kuombewa dua na mwanamke wa Tanga aliyevaa makoti mawili mwezi wa Mei.

Kati ya maelekezo niliyompa mama kuhusu nyumba, moja lilikuwa la barua. Kingereza hasomi, kwa hiyo nilimrahisishia: yenye nembo ya benki, tupa, hao wanatafuta wateja. Mama akaitikia vizuri. Nilichosahau ni kwamba mama yangu hajawahi kutupa karatasi tangu azaliwe. Karatasi nyeupe, nzito, upande wa nyuma haina hata nukta, halafu imeletwa mlangoni bure! Alikuwa akizifungua kwa kisu, anazinyoosha kwa kiganja, anaziweka chini ya godoro zipate kulala vizuri.

Sasa, malipo ya kadi yalikuwa yakikatwa yenyewe kila tarehe 12 kutoka akaunti yangu ya benki. Agosti nikahamishia mshahara kwenye chama cha akiba na mikopo kilichonipa mkopo wa gari. Nilimwambia mwajiri, nilimwambia mke wangu, nilimwambia hata kinyozi. Kadi hakuna aliyeiambia. Tarehe 12 Septemba ikaenda kugonga kwenye akaunti ya zamani, ikakuta dola nne na senti, ikarudi mikono mitupu, na mpango wa makato ukafutwa hapo hapo. Oktoba haikugonga tena. Waliniandikia barua pepe, ambazo zilikaa kwa amani katikati ya matangazo ya viatu. Na waliniandikia barua za karatasi. Hizo mnajua zililala wapi.

Tarehe 9 Desemba Watanzania wa huku tunakodi ukumbi, tunapika pilau, tunasherehekea Uhuru wa 1961 na kugombana kuhusu michango ya mwaka uliopita. Mama akajitolea karanga za kukaanga kwa chumvi. Kwake yeye karanga za mfuko wa plastiki ni maiti, karanga lazima zikae kwenye koni ya karatasi. Usiku kucha akakunja koni. Mimi nilipita jikoni nikasifu zilivyo nyeupe.

Pale ukumbini kuna mzee mmoja, mhasibu mstaafu, mtu ambaye hawezi kupita jirani na maandishi bila kuyasoma. Alimaliza karanga zake, akaikunjua koni kutafuta zilizojificha kwenye ncha, na hapo miwani ikapanda puani.

"Hii ya nani?" Akasoma jina langu lote la pasipoti, pamoja na lile la tatu ambalo mke wangu alilisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Kisha, kwa sauti ya kutangaza matokeo ya uchaguzi, akawa anatafsiri: "Mpendwa mteja, kwa kuwa malipo yako yamechelewa zaidi ya siku 60, kiwango chako cha ofa cha asilimia 0 kinaondolewa. Kuanzia tarehe 1 Januari, deni lako litatozwa riba ya asilimia 29.99."

DJ naye alichagua wakati huo huo kubadilisha wimbo.

Ndipo kila mtu akakumbuka kuangalia alichoshika. "Jamani, mimi nina salio!" akapiga kelele shangazi mmoja wa Morogoro. Mwingine alikuwa na faini ya kuchelewa ya Oktoba. Kijana wa chuo alipata kile kisanduku ambacho sheria inawalazimisha kukichapa kwenye bili, kinachokueleza utamaliza deni baada ya miaka mingapi ukiwa unalipa kima cha chini tu. Akanitazama kwa huruma, akauliza nina umri gani. Nikaanza kuzunguka meza kwa meza, nakusanya deni langu. "Samahani dada, ukimaliza hizo karanga naomba ukurasa wa pili." Ukurasa wa tatu ulishaondoka na mtu wa Sugar Land, mji wa jirani, aliyewahi zamu ya kazi.

Mzee mhasibu hakuniacha. "Kijana, unajua hili jambo gumu kulifanya? Tangu sheria ile aliyoisaini Obama Mei 2009, hawaruhusiwi kupandisha riba ya deni la nyuma kwa sababu umechelewa wiki mbili tatu. Mpaka uvuke siku 60. Na lazima wakupe notisi ya siku 45. Umepewa notisi!" Akainua koni juu. "Na ukivuka siku 30 tu wameshakushitaki kwa yale mashirika yanayoweka rekodi za madeni ya watu, yote matatu."

Mama, aliyekuwa akigawa duru ya pili, alikuwa ameshika neno moja tu katika hotuba yote. "Riba? Riba ya nani?"

Jumatatu nikapiga simu benki, mama pembeni, kipaza sauti kimewashwa kwa amri yake. Kwanza maswali ya usalama: jina la mnyama wako wa kwanza wa kufugwa? Kwetu mnyama wa kwanza wa kufugwa hakuwa na jina, alikuwa na tarehe ya kuchinjwa. Nilijaza "Mbuzi". Yule dada wa benki akaniomba nilitaje herufi kwa herufi, akasema ni jina zuri.

"Wanataka ngapi?" mama akauliza.

"29.99."

"Ala! Thelathini kasoro senti, bei ya duka la viatu. Mwambie kumi."

Nikatafsiri, maana huwezi kumkatalia mama mbele ya benki. Dada akasema mfumo haumruhusu.

"Mwambie basi tunaondoka zetu."

"Mama, hatuwezi kuondoka. Deni tunalo sisi."

"Ndiyo vizuri! Pesa yake iko kwetu. Nani mwenye shida hapo?"

Nililitafsiri hilo pia. Yule dada alinyamaza, nikasikia kama anakohoa, kisha akasema atanifutia faini moja ya kuchelewa kama ihsani. Riba haiguswi, ila nikilipa kwa wakati mara sita mfululizo kuanzia Januari, lazima wanirudishie sifuri yangu, ndivyo sheria isemavyo. Mama hakusikia habari za sheria. Alisikia faini imefutwa. "Umeona? Nyie mnanunua kila kitu kwa bei waliyoandika."

Januari hesabu ikaanza kazi. Deni la kama dola 6,000 kwa asilimia 29.99 ni karibu dola tano kwa siku, Ijumaa haikosi, Idd haikosi. Mama aliposikia akashusha godoro chini. Kitanda cha riba hakukubali kulala juu yake, na koti moja akalivua, lile ambalo kwa hesabu zake lilinunuliwa mwisho. Kisha akatangaza kwamba riba ya tiketi yake ataimaliza mwenyewe kwa karanga.

Akawa anauza baada ya sala ya Ijumaa, harusini, hata kwenye matanga. Karatasi zikawa bado ni zile zile, tofauti ikawa kwamba kila jioni ananiletea bahasha, naisoma kwanza, ndipo anakunja. Nilifuta jina kwa kalamu ya wino mweusi, lakini watu walishajua ni nani. Wakawa wananunua koni wapate habari. Machi nikiwa kwenye foleni ya nyama, mtu nisiyemjua akanishika bega: "Hongera, umeshuka mpaka 5,100."

Juni nikalipa ya sita. Sifuri ikarudi. Mama akapiga kigelegele, akapandisha godoro kitandani, akalala mchana kutwa. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba ile miezi 15 ilihesabiwa tangu Aprili ya mwaka jana, na ofa yenyewe inakufa tarehe 12 Julai, tukutane na riba ya kawaida.

Ijumaa iliyofuata, usiku, simu ikaita. Mzee mhasibu.

"Kijana, nimekunjua koni hapa. Tarehe 12 hii, mama yako anajua?"

Nikamsihi anyamaze.

"Nitanyamaza," akasema, nikamsikia anatafuna. "Koni kumi. Na ziwe za bili ya Mei, ile sikuipata."